Kabla Hamjapanda Newala na Tambi Zenu

Nimekasirika, na bora niseme mapema msije mkadhani bibi anatania. Jumapili iliyopita mjukuu wangu Tumaini alikuja hapa nyumbani kwangu Masasi, akaniamkia vizuri, akakaa, kisha akanionyesha kwenye simu yake orodha ya vyakula. Yeye na wenzake kumi na mmoja wanakwenda kupiga kambi siku tatu Newala, kule ukingoni, wakaliangalie bonde. Jambo zuri. Mie mwenyewe nimelala kwenye mahema miaka ishirini na sita nikiwapikia wapima barabara, na sikuwahi kuitwa mtalii.

"Bibi, hebu angalia kama tumesahau kitu," akasema.

Nikavaa miwani. Tambi, paketi kumi na mbili. Soseji. Viazi vya chipsi na ndoo ya mafuta. Mayai trei mbili. Mikate. Soda. Na chini kabisa wameandika: muhogo wa kuchemsha, tutanunua hukohuko.

Nikamuuliza, "Na maji?"

"Maji gani, bibi?"

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na mpaka sasa ninapoandika sijamaliza. Tumaini ameniambia niyaandike kwenye daftari, yeye atawasomea wenzake. Haya, nawaandikia nyinyi kumi na wawili, na yeyote mwingine mwenye hema na njaa. Huo mstari wa mwisho kwenye orodha yenu, wa muhogo, ndio ulionifanya nitafute kalamu. Nataka mkaufute, na nataka mjue kwa nini, hata kama nikimaliza mtanitazama kwa jicho lingine. Lakini nitaufikia kwa zamu yake, kwa sababu hizo tambi nazo hazitapita hivihivi.

Kwa msionijua, mie ni Mama Anjela. Nilikuwa mpishi wa kambi. Si mpishi wa hoteli, si mama lishe wa stendi, ingawa wote hao nawaheshimu. Mpishi wa kambi ni mtu anayeshushwa kwenye gari mahali pasipo na kitu, anaonyeshwa mti, anaambiwa: jiko lako hilo, watu kumi na wanane watarudi saa saba. Akikosa kiberiti, hakuna duka. Akisahau chumvi, ameisahau kwa wiki nzima.

Nyinyi mmezaliwa Masasi na mnajifanya hamjui Newala. Kule juu ardhi inakunywa mvua yote haiachi kitu. Bibi zenu waliteremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limekwisha kuwaka, na maji hayo yalipofika nyumbani yalikuwa na heshima kuliko mgeni. Siku hizi kuna mabomba, najua, msinikatize. Bomba ni la waliojenga. Nyinyi mnakwenda kukaa porini ukingoni, na bomba halitawafuata.

Sasa mtu anayekwenda mahali hapo anabeba tambi. Tambi zinataka sufuria nzima ya maji zielee ndani yake, halafu maji hayo yanamwagwa. Mnamwaga maji Newala. Angekuwa Mzee Tomasi angewanyang'anya sufuria.

Mzee Tomasi ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa amepika miaka mingi misheni ya Lulindi kabla ya kuchukuliwa na wapima barabara, na alikuwa na tabia ya kuonja chakula chako, kukitema, na kuondoka bila kusema neno. Ulibaki na sufuria yako ukijiuliza. Niliyaona hayo majuma mawili ya kwanza, nikamwambia, "Mzee, shikamoo yako naitoa kila siku, basi na wewe nipe hata neno moja." Akacheka. Kuanzia siku hiyo akaanza kusema, na alipoanza hakunyamaza tena mpaka alipostaafu.

Neno lake la kwanza lilikuwa hili: usianze kupanga na chakula. Anza na maji. Ukishajua una maji kiasi gani, uliza kuni. Ukishajua kuni, hesabu midomo. Chakula ni swali la mwisho, na kufikia hapo kimejichagua chenyewe. Nyinyi mmeanza na hamu. Mmekaa sebuleni mkaulizana, "Tule nini?" Kambini swali hilo halina maana hata kidogo.

Nami niliyasikia maneno hayo nikaitikia "ndiyo mzee" na sikuyaelewa. Safari yangu ya kwanza nikiwa peke yangu jikoni ilikuwa huko huko juu, upande wa Newala, na nilibeba mbaazi kavu. Nani asiyejua mbaazi? Nimezaliwa kwenye mbaazi. Nyumbani unaziweka jikoni asubuhi, unakwenda shamba, ukirudi zimeiva. Kambini nikaziinjika saa mbili bila kuziloweka, na kwa kiherehere changu nikatia chumvi palepale mwanzoni zikolee. Saa saba wanaume wakarudi na fito zao na vyombo vyao vya kupimia. Mbaazi zilikuwa zinaruka kwenye sufuria kama changarawe. Nikaongeza maji. Saa tisa nikaongeza maji. Saa kumi nilikuwa nimetumia maji ya siku mbili na rundo lote la kuni, na Mzee Tomasi, aliyekuja na gari la jioni kukagua, akachukua mbaazi moja, akaing'ata, akaishika kwenye kidole akaitazama.

"Hii," akasema, "ungempa mwindaji atie kwenye gobore."

Mnacheka, lakini watu wazima kumi na wanane walikula ugali na chumvi siku hiyo, na kesho yake tukanawa uso kwa vitambaa vya maji. Kosa langu halikuwa mbaazi. Mbaazi ni chakula bora cha safari kuliko soseji zenu zitakazoanza kunuka kabla gari halijaanza kupanda mlima. Kosa ni kuzibeba zikiwa kavu. Mbaazi za safari unaziloweka nyumbani usiku wa kuamkia safari kwenye ndoo yenye mfuniko, zinapanda gari zikiwa ndani ya maji, na barabara yetu itazikoroga yenyewe. Mkifika zimekwisha lainika. Maji yale ya kulowekea mnanawia mikono na kusuuzia masufuria. Chumvi mnatia mwisho.

Na kama mtu ni mvivu wa kuloweka, abebe choroko. Choroko haina makuu. Haitaki kulowekwa, haitaki kuni nyingi, na ikiiva na nazi na kitunguu hata mtoto wa mjini anaramba sahani.

Kuna jambo jingine linaloniudhi kwenye orodha ile. Mnaishi kwenye mikorosho. Mmezaliwa kwenye mikorosho, mmesomeshwa na mikorosho, kila paa la bati mnaloliona kati ya hapa na Newala limeezekwa na mikorosho. Na kwenye orodha yenu hakuna korosho hata punje. Chukueni korosho zilizobanguliwa, zile zilizovunjika hazina ubaya wowote, zikaangeni kidogo mkiwa nyumbani, zitwangeni kwenye kinu ziwe kama unga mzito. Tieni kwenye kopo lenye mfuniko. Kambini unakaanga kitunguu, unatia nyanya, unamimina vikombe viwili vya maji, unakorogea unga wako wa korosho mpaka uzito uje. Dakika kumi. Mchuzi huo unakula na wali, na ugali, na ndizi, na mkate wenu huo mkitaka. Ukiwa na ng'onda, samaki mkavu, unamchoma kwanza juu ya makaa mpaka anukie, unamchambua miiba, unamtosa humo. Wapimaji waliotoka mikoa mingine, waliokuwa wakinuna kwamba kusini hakuna chakula, walikuwa wakikomba sufuria kwa vidole.

Ila korosho mbichi yenye ganda isikaribie moto wa jikoni. Kulikuwa na mafundi wawili, wageni, waliookota korosho chini ya miti wakazitupa kwenye mafiga yangu wakati nimegeuka, eti wachome kama karanga. Mafuta ya ganda yakawaka, moshi ukapanda, na waliokuwa wameinama kupuliza walikaa siku nne na nyuso zilizobabuka. Nilipowauliza kwa nini hawakuniuliza mie niliyesimama hatua tatu tu kutoka hapo, mmoja akasema, "Mama, tuliona ni jambo dogo." Kila kilichoharibika kambini nilichowahi kukiona kilianza kwa mtu kuona ni jambo dogo la kumuuliza mpishi.

Haya, mpango. Mzee Tomasi alisema, mfuko mmoja, mlo mmoja. Msibebe gunia la mchele, na mfuko wa sukari, na mfuko wa vitunguu. Mkifanya hivyo siku ya kwanza mtakula kama mko harusini, na siku ya tatu mtagombana. Shoneni vimifuko vya kitambaa. Kwenye kila kimoja tieni mlo mzima: mchele uliokwisha kuchambuliwa, chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, vitunguu vyake, pilipili yake. Andikeni juu: siku ya kwanza mchana, siku ya kwanza jioni. Ukifika wakati, mnafungua mfuko huo tu. Mingine haiguswi hata mtu alie.

Siku ya kwanza kuleni vinavyooza: nyanya mbichi, mchicha uliochambuliwa na kuoshwa nyumbani, nyama kama mmebeba, ila iwe imepakwa chumvi na ndimu na kubanikwa kabla ya safari. Siku ya pili mbaazi zenu kwa nazi. Nazi bebeni nzima na mbuzi yake ya kukunia, kwa sababu nazi ni kopo lililofungwa na Mungu mwenyewe, halimwagiki wala halichachi. Siku ya tatu choroko, ng'onda, korosho, na ugali wa makopa, yaani ule unga wa muhogo mkavu, ambao unaiva upesi kuliko wa mahindi na hautaki maji mengi. Asubuhi uji, na viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu ya moto wa jana, havitaki maji hata tone. Msimu ukiruhusu, waulizeni wenyeji ming'oko, vile viazi vya porini, mchemshe na maganda yake na mle na chumvi ya pilipili. Na utamu hautoki kwenye wingi wa makopo. Chumvi, ndimu na pilipili, kila mlo uwe na vyote vitatu, basi. Mtu aliyetembea juani anataka ukali na uchachu, hataki soseji.

Jambo la mwisho la Mzee Tomasi: mpishi awe na mfuko mmoja wa akiba usio kwenye orodha, usiojulikana na mtu. Wangu siku zote ulikuwa vibaba viwili vya choroko na chumvi. Nauficha chini ya nguo zangu.

Sasa muhogo.

Miaka yangu ya mwisho kazini tulipata mkuu mpya wa msafara, mhandisi. Jina lake sitalitaja, ana watoto. Alikuwa kijana, msomi, mwenye sauti nzuri ya kuongoza. Alikuja na karatasi ya vyakula iliyochapwa huko ofisini kwao na mtu ambaye hajawahi kuona jiko la mawe matatu. Jumatatu wali na kuku. Jumanne tambi. Kwenye kikao cha kupanga safari aliita dereva, aliita mtunza stoo, aliita mpaka mlinzi. Mpishi hakuitwa. Nilikaa nje nachambua mchele nikisikia watu sita wakijadili ndani sufuria yangu.

Wiki ya tatu tukiwa juu huko Newala, gari lililoteremka Masasi kuchukua vyakula likaharibika njiani. Siku ya kwanza tukala vilivyobaki. Siku ya pili stoo ilikuwa na nazi, vitunguu, ndimu, chumvi na pilipili. Maji yalikuwa nusu pipa na madumu mawili, na gari hilohilo ndilo lililokuwa lilete mengine.

Mhandisi akatoka asubuhi kwenda kijijini, akarudi kwa furaha na vibarua wawili wamebeba viroba vitatu vya muhogo, umeng'olewa saa hiyohiyo, bado una udongo. "Mama Anjela," akasema, "tatizo limekwisha. Chemsha."

Nikamenya mmoja, nikang'ata ncha. Nikatema.

Watu wa mikoa mingine wanashangaa kwa nini mtu apande muhogo mchungu. Sisi tunaupanda kwa sababu nguruwe pori hauli, nyani hauli, na mwizi anajua. Unakaa ardhini unakusubiri. Lakini hauchemshwi ukaliwa. Unamenywa, unakatwa, unaanikwa juani siku nyingi mpaka uwe makopa, ndipo unatwangwa unga. Mtoto wa miaka sita kule Newala anajua hilo. Kabla hajajua kuhesabu anajua muhogo upi ni wa kutafuna na upi ni wa kwenda juu ya paa.

Nikamwambia, "Baba, huu ni mchungu. Huu ni wa makopa, hauliwi leo."

Akasema, "Mwenye shamba naye kasema hivyohivyo. Tia chumvi ikolee."

Mwenye shamba alikuwa amemwambia. Nataka msome sentensi hiyo mara mbili. Aliambiwa na mkulima, akaambiwa na mpishi, na akaona wote wawili ni watu wa porini wenye imani zao. Nikamwambia mara ya pili, mbele ya wale vibarua wawili wa viroba, kwamba unadhuru. Mara ya tatu nikamfuata mpaka hemani kwake. Alikuwa anakunywa chai na biskuti. Akaweka kikombe chini, akasema taratibu kabisa, "Mama, nina watu kumi na wanane hawajala tangu jana mchana. Kazi yako ni kupika. Kuamua ni kazi yangu."

Nikarudi jikoni na hasira yangu. Nimeihadithia sehemu hii mara nyingi, kwenye misiba, kwenye harusi, Mkomaindo kwa dada yangu, sokoni, na kila mtu akiisikia anatikisa kichwa na kusema, "Wasomi hawa." Nami naridhika. Hiyo hasira ni ya haki na sitamwachia mtu yeyote ainyang'anye.

Lakini nimewaahidi kuwaambia yote, na huwa naishia hapo.

Nilikuwa na vibaba viwili vya choroko chini ya nguo zangu. Kwa nusu pipa la maji ningeweza kupika uji mwepesi wa choroko na nazi, kila mtu akapata kikombe. Wangekaa na njaa mpaka gari lifike, wangenung'unika, wasingekufa. Sikuutaja mfuko ule. Hasira iliniambia: si ameamua yeye? Basi mzigo ni wake. Nikawasha moto.

Nikamenya, nikakata vipande vidogo. Kama ningekuwa na maji ningechemsha na kumwaga, nikachemsha tena na kumwaga, ingepunguza hata kama isingetosha. Maji ya kumwaga sikuwa nayo, yaliyokuwapo ni ya kunywa. Nikachemsha kwa maji mamoja. Nikaonja, na ulikuwa mchungu kama ulivyotoka shambani. Sasa hapa sikilizeni, nyinyi mnaopenda vitamu. Mie nilikuwa mpishi ninayejulikana kwa mkono wangu. Sikuweza kupeleka chakula kichungu mbele ya watu. Nikakuna nazi nne, nikakamua tui zito. Nikatia vitunguu, nikatia pilipili kwa wingi, nikakamulia ndimu. Nikaonja tena. Uchungu ulikuwa umejificha. Na nawaambia kweli, kwa dakika moja pale mbele ya sufuria nilijisifu.

Wakala saa saba. Mhandisi alichukua vipande viwili, akasifu, akarudi hemani kwenye biskuti zake. Wale wa mikoa mingine walikula kiasi, mmoja akauliza mbona una uchunguchungu kwa nyuma, akaacha. Aliyekula sahani mbili, akaomba na ukoko, ni Swalehe.

Swalehe alikuwa kibarua wa kubeba vyombo vya kupimia, mtu wa hapo hapo Newala, kijiji cha jirani. Alikuwa ametembea na mzigo begani tangu alfajiri. Mtu mpole, mcheshi, kila jioni alikuwa ananichanjia kuni bila kuombwa, na alikuwa akiniita mama kwa sababu alisema napika kama kwao.

Saa tisa watu sita walikuwa wanatapika na kushika vichwa. Swalehe hakutapika. Alikaa chini akaegemea gurudumu la tela lililoachwa kambini, akasema miguu haimsikii, kisha akaanza kuhema kama mtu anayepanda mlima. Jasho lake lilikuwa baridi. Gari hatukuwa nalo. Wenzake wakambeba kwenye turubai mpaka barabarani, wakasimamisha lori la magunia, wakamlaza juu yake, na mie nikabaki nimesimama na upawa mkononi. Hospitali walipigania uhai wake siku nyingi. Aliishi. Alitoka akiwa anatembea, ila polepole, na kazi ya kubeba mzigo begani ikawa basi tena.

Ripoti ya msafara iliandikwa na mhandisi. Ilisema kwamba mpishi hakuandaa muhogo ipasavyo. Maneno manne hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniondoa kazini, na ndiyo niliyoyatafuna miaka yote hii. Hakuandaa ipasavyo. Mie niliyemwambia mara tatu.

Swalehe alipotoka hospitali nilikwenda kumtazama kwao. Nilipanda Newala na mchele na sukari, na njia nzima nilikuwa napanga maneno yangu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba, mama yake yuko mkekani pembeni anamenya muhogo wa kuanika. Tukaamkiana. Nikaulizia hali, nikaambiwa hatujambo. Kisha nikaanza. Nikasimulia viroba vitatu, nikasimulia biskuti, nikasimulia ripoti. Nikasema, "Swalehe, nilimwambia yule bwana mara tatu. Mara tatu, mwanangu, mbele ya watu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Mie niliusikia uchungu, mama. Sahani ya kwanza tu niliusikia, chini ya nazi. Mtu wa hapa hawezi kuukosa."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini ulikula?"

"Nilisema, kapika Mama Anjela. Mama anaujua muhogo. Kama kaupakua, basi kautengeneza."

Mama yake aliendelea kumenya. Nikakumbuka zile mara tatu zangu, zote kwa mhandisi, hata moja kwa Swalehe, na nikaona kwamba katika maneno ya Swalehe mhandisi hayumo kabisa.